Shule na Wasaa

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mtoto wetu huyajua kabla hata hajakijua Kiingereza chenyewe ni "school". Huliona kwenye kibao cha langoni na kwenye jalada la daftari, wala halimsumbui, kwani maana yake anaijua: ni pale penye kengele, namba na fimbo. Mimi nimeishi ndani ya neno hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, nikiwa mwanafunzi, mwalimu na kisha mwalimu mkuu, na asili yake bado hunishangaza.

Waingereza hawakulibuni. Walilipokea kutoka Kilatini, "schola", na Warumi nao waliliazima kwa Wagiriki. Kwa Mgiriki, "skhole" hapo mwanzo halikuwa jengo wala darasa. Maana yake ilikuwa wasaa, yaani ule muda anaoupata mtu akiisha kuondokewa na shughuli za kutafuta riziki. Kwa kuwa wenye wasaa walipenda kuutumia kwa mazungumzo na hoja, neno likasogea kidogo kidogo: likawa mazungumzo yenyewe, kisha mafundisho, kisha kundi la wasikilizaji, na mwisho mahali wanapokutana. Maana ile ya kundi ingali hai katika Kiingereza, maana wanafalsafa wenye rai moja huitwa "school" hata kama hawakuonana kamwe. (Kundi la samaki nalo huitwa hivyo, lakini hilo ni neno jingine, la Kiholanzi, lililofanana nalo kwa bahati tu. Niliwahi kusikia hotuba nzima ya mahafali iliyojengwa juu ya mfanano huo.)

Shughuli, kwa Mgiriki, iliitwa "askholia", yaani kukosa wasaa. Warumi walikuwa na desturi iyo hiyo: "otium" ni wasaa, na "negotium", ambalo ni biashara na shughuli, ni kutokuwa nao. Tena shule ya watoto wadogo waliiita "ludus", nalo ndilo neno lao la mchezo.

Lakini msomaji asiwasifu upesi. Wasaa wa bwana wa Athens ulitoka katika jasho la mtumwa. Mwanawe wa kiume alipokwenda kwa mwalimu, alisindikizwa na mtumwa wa nyumbani aliyeitwa "paidagogos", kiongozi wa mtoto. Binti alibaki nyumbani. Kutokana na mtumwa yule tumepata pedagojia, somo tulilowafundisha walimu-wanafunzi chuoni. Basi bwana aliipa shule jina, na mtumwa akaipa jina taaluma ya kufundisha. Nilipowaeleza wanachuo hayo walicheka, halafu mmoja akauliza kama ndiyo sababu ya mishahara yetu kuwa vile.

Kwetu neno liliingia kwa milango miwili. Upande wa bara, Wajerumani walifungua shule ya serikali Tanga katika miaka ya 1890, wakafundisha kwa Kiswahili ili wapate makarani na walimu, na "Schule" yao ikawa shule. Zanzibar, iliyowekwa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890, ikasema skuli, na mpaka leo husema hivyo. Kabla ya hapo pwani ilikuwa na chuo, neno ambalo katika Kiswahili cha kale ni kitabu, na chuoni ndipo mtoto alipojifunza Kurani. Madrasa nayo, kwa Kiarabu, ni mahali pa kudurusu. Sisi, basi, tulipataja kwa kitabu na kwa kusoma. Mgiriki alipataja kwa muda. Naona aligusa jambo gumu zaidi, kwa sababu kitabu huweza kununuliwa.

Tanzania ilipotekeleza elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, madarasa yalifurika. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu 2016 ikafutwa mpaka kidato cha nne. Hayo ni mambo makubwa, na mimi niliyeona watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa ada siyadharau hata kidogo. Ila wasaa hautolewi kwa waraka. Nimefundisha wasichana waliofika namba ya asubuhi wakiwa wameshachota maji safari mbili, wamefagia uwanja na kumbeba mdogo wao hadi kwa bibi. Kipindi cha pili walikuwa wanasinzia. Daftari la mahudhurio lilionyesha wamo.

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliacha nusu saa baada ya namba bila kipindi wala kazi ya mikono. Mkaguzi mmoja aliniandikia kwamba ratiba yangu ina pengo. Pengo lile nililiacha mpaka nilipostaafu. Wengi walilala chini ya mwembe. Baadhi walisoma magazeti ya zamani. Na kila muhula walikuwako wawili watatu waliokuja mlangoni kwangu kuniuliza mambo yasiyokuwamo katika muhtasari.