Anwani ya Picha: Posta, Filamu na Kumbukumbu za Lilongwe na Dzaleka

Biashara ya kusafisha picha kwa njia ya posta ilipata nguvu duniani mwaka 1888, pale George Eastman wa Rochester, Marekani, alipoingiza sokoni kamera ya Kodak iliyouzwa dola 25 ikiwa na filamu ya kutosha picha 100. Mnunuzi aliyeimaliza filamu hiyo aliirudisha kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10, kisha akaletewa picha zake, kamera iliyotiwa filamu mpya, na negativu, yaani taswira ambayo penye mwanga huonekana peusi na penye giza huonekana peupe, na ambayo kutokana nayo nakala nyingine zinaweza kuchapishwa wakati wowote. Utaratibu huo ulimwondolea mtu wa kawaida kero ya chumba cha giza na dawa zake, lakini ulimtaka awe na fedha za ziada na anwani isiyobadilika. Sharti hili la pili, ambalo ni rahisi kulipuuza, lina uzito mkubwa katika historia ya picha za Malawi.

Katika Nyasaland, kama nchi hiyo ilivyoitwa kabla ya uhuru wa mwaka 1964, waliokuwa na kamera pamoja na anwani ya namna hiyo walikuwa hasa wamisionari, maofisa wa serikali na walowezi, nao walipostaafu waliondoka na albamu zao, hivi kwamba mtafiti wa maisha ya zamani ya misheni za Blantyre au Livingstonia hulazimika kutafuta picha Scotland, zilikotoka misheni hizo mbili. Waliopigwa picha walibaki bila nakala. Thamani ya kile kilichosalia inaonekana katika picha ya mwaka 1914 ya mchungaji John Chilembwe, aliyesimama akiwa amevaa kofia kando ya mmisionari John Chorley wakati wa kufunguliwa kwa kanisa lake huko Mbombwe. Mwaka uliofuata Chilembwe aliongoza uasi, akauawa, na kanisa likabomolewa na askari wa serikali ya kikoloni, lakini picha ilisalimika, na kutokana nayo msanii Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi, alichonga sanamu iliyosimamishwa Trafalgar Square, London, mwaka 2022.

Filamu za rangi ziliongeza utegemezi wa posta. Kodachrome, iliyotolewa mwaka 1935, haikuwa na rangi ndani yake. Rangi ziliingizwa wakati wa kusafishwa, kwa mashine kubwa na dawa zilizohitaji vipimo vya uangalifu mkubwa, kazi ambayo hakuna studio ya mtaani ingeiweza. Aliyeitumia Lilongwe, mji uliofanywa makao makuu ya nchi mwaka 1975 badala ya Zomba, aliitia filamu katika bahasha na kuituma ng'ambo, kisha akasubiri slaidi, yaani vipande vya filamu vilivyowekwa katika fremu ndogo za karatasi ngumu au plastiki. Fremu nyingi zina mwezi na mwaka uliopigwa chapa, lakini tarehe hiyo ni ya kusafishwa na si ya kupigwa picha, kwa hiyo jengo lililopigwa picha masika linaweza kuhesabiwa na msomaji asiye makini kuwa la miezi kadhaa baadaye.

Studio za picha zilifuata njia nyingine kabisa. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, alitunza negativu dukani, na mteja aliondoka na picha ya karatasi tu. Ndivyo zilivyofanya kazi studio nyingi za Afrika Mashariki na Kongo. Mpango huu ulimfaa kila mtu maadamu studio ipo na mteja anaweza kurudi.

Kwa wakazi wa Dzaleka haukufaa. Makazi hayo ya wilaya ya Dowa, yapata kilomita 40 kutoka Lilongwe, yalikuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda kabla ya kufanywa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, na wengi wa waliofika humo walitoka Kongo, Burundi na Rwanda, baadhi wakipitia Tanzania. Mtu aliyebahatika kukimbia na picha ya harusi iliyopigwa Bukavu au Uvira, mashariki mwa Kongo, ana karatasi moja isiyo na mama: negativu ilibaki studioni, na studio huenda haipo tena. Karatasi hiyo ikilowa au ikichanika, hakuna pa kuagiza nyingine.

Mashine ndogo za kusafisha filamu dukani, zilizoletwa na kampuni ya Noritsu ya Japani tangu miaka ya 1970, zilipunguza sana haja ya posta, na maabara ya mwisho ya Kodachrome, Dwayne's Photo ya Kansas, iliacha kupokea filamu hizo Desemba 30, 2010. Leo picha ya zamani hunakiliwa kwa simu. Nakala hiyo huokoa sura, lakini mpigaji huelekea kusahau mgongo wa picha, ambako ndiko uliko muhuri wa studio, jina la mji na pengine mwandiko wa marehemu anayewataja waliosimama, kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa familia isiyo na negativu wala anwani ya kurudia, upande huo unastahili kupigwa picha kwanza.