Mwanafunzi wa famasia hujifunza nini dirishani?

Ukienda hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Kitete hapa Tabora, huenda dawa ukapewa na kijana ambaye bado yuko mafunzoni. Wasikilizaji wetu wengi hujiuliza kama ni salama.

Safari ya masomo

Shahada ya famasia huchukua miaka 4. Miongoni mwa vyuo vinavyoitoa ni MUHAS cha Dar es Salaam, St. John's cha Dodoma na CUHAS-Bugando cha Mwanza. Kisha mhitimu hufanya utarajali wa mwaka 1 chini ya usimamizi, ndipo asajiliwe na Baraza la Famasi.

Wodini

Hapo hupita kitanda kwa kitanda pamoja na daktari na muuguzi. Huangalia uzito wa mgonjwa, umri, ujauzito, hali ya figo na dawa nyingine anazotumia, kisha hukagua kama dozi iliyoandikwa inamfaa.

Dirishani

Chukua dawa mseto ya malaria, ALu. Dozi ni 6 kwa siku 3, na ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza. Darasani hilo ni jambo jepesi. Dirishani kuna mama mwenye mtoto mgongoni, foleni ndefu, na gari la Urambo linakaribia kuondoka. Akiambiwa "baada ya saa 8", anaweza kuelewa saa 8 mchana. Kumbe mtoto aliyepewa dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili ni saa 12 jioni.

Ndiyo maana mwanafunzi hufundishwa kumwomba mgonjwa arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, huelezwa upya kabla hajaondoka.

Kwa nini ni muhimu kwetu

Zamani misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipumzika Tabora. Leo wagonjwa huja kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge. Ukishafika nyumbani, kurudi kuuliza ni nauli nyingine.

Kabla ya kuondoka dirishani, uliza:

- Dawa hii inaitwaje, na ni ya nini?
- Nimeze kiasi gani, saa ngapi, kwa siku ngapi?
- Nile kwanza?
- Mtoto akitapika nifanye nini?

Usipoelewa, omba kuonana na msimamizi wake. Na homa ikishuka, usiache dawa: maliza dozi.