Vyama vidogo vya siasa: Uzito wake si wingi wa kura

MFUMO wa vyama vingi ulirejeshwa nchini Tanzania mwaka 1992, kufuatia mapendekezo ya Tume ya Jaji Francis Nyalali. Takriban asilimia 80 ya wananchi waliotoa maoni mbele ya tume hiyo walitaka chama kimoja kiendelee, lakini hoja ya wachache ikapewa nafasi. Vyama vidogo ndivyo kipimo cha hoja hiyo hadi leo.

Umuhimu wa vyama hivyo unaanzia katika sheria. Ibara ya 39 na ya 67 za Katiba zinamtaka anayewania urais au ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi, raia asiyekubaliana na vyama vikubwa hana mlango mwingine wa kuomba kura.

Sharti hilo lilipingwa mahakamani na kiongozi wa chama kidogo cha Democratic Party (DP), Mchungaji Christopher Mtikila. Mwaka 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha iliamua kwamba sharti hilo linakiuka haki za raia. Hata hivyo, uchaguzi wa mwaka 2025 ulifanyika likiwa bado halijaondolewa.

Aidha, udogo wa chama si hali ya kudumu. Chadema, iliyoshinda majimbo matatu mwaka 1995, ilishinda 23 mwaka 2010. Kinyume chake, NCCR-Mageuzi iliporomoka kutoka majimbo 16 mwaka 1995 hadi moja mwaka 2000. ACT-Wazalendo, iliyopata jimbo moja mwaka 2015, iliingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa Zanzibar mwaka 2020.

Pamoja na hayo, wingi wa vyama pekee hauleti ushindani. Oktoba 2025, Chadema ikiwa imezuiwa kushiriki, karatasi ya kura za urais ilikuwa na majina mengi ya wagombea wa vyama vidogo, na mgombea wa CCM akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura.

Chama kidogo huisaidia demokrasia kinapohoji, kinapokwenda mahakamani na kinapojenga matawi hadi vijijini. Kisipofanya hivyo, hubaki jina tu katika daftari la Msajili wa Vyama vya Siasa.