Mkubwa Anapoambiwa Hapana

Unyenyekevu wa mkubwa kazini husifiwa kama tunu ya moyo, na sifa hiyo haigharimu kitu, maana moyo haukaguliwi. Kuna waliokataa kuutegemea moyo, wakaandika utaratibu.

Katika karne ya 6, Benedikto wa Nursia aliwaachia watawa Kanuni ambayo hata watawa wa Peramiho na Ndanda, Tanzania, wanaifuata hadi leo. Sura ya 3 inamtaka abati, yaani mkuu wa monasteri, likizuka jambo zito, aite jumuiya nzima, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Mdogo hasikilizwi ili asinung'unike. Anasikilizwa kwa sababu huenda analijua asilolijua mkubwa. Hata hivyo, uamuzi ni wa abati, na mtawa naye amekatazwa kung'ang'ania maoni yake.

Marubani nao walifundishwa na misiba. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Uhispania, ndege ya shirika la KLM ilianza mbio za kuruka ilhali ya Pan Am ingali kwenye njia hiyo hiyo ya kurukia. Mhandisi wa KLM aliuliza kama wale wenzao hawajatoka. Rubani mkuu, mwalimu wa marubani katika shirika lake, akajibu kwa mkazo kwamba wametoka. Mhandisi hakurudia. Walikufa watu 583. Ukungu na redio zilizoingiliana zilichangia, kwa hiyo si haki kumtwika mzigo wote mtu mmoja. Mwaka uliofuata, ndege ya shirika la United iliishiwa mafuta karibu na Portland, Marekani, wakati rubani mkuu akihangaikia magurudumu. Wenzake walikuwa wametaja mafuta, lakini kwa woga. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha juu ya tatizo hili, na 1981 United ikaanzisha mafunzo ya kulitatua. Kwa Benedikto wajibu wa kwanza ni wa mkubwa: aulize. Kwa marubani hata asipouliza, mdogo anawajibika kusema, tena kurudia. Kunyamaza ni kosa.

Tanzania ilikwenda mbali kuliko wote. Mwongozo wa TANU, chama tawala, wa Februari 1971, uliotoka wiki chache baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda, ulimpiga kiongozi marufuku majivuno, dharau na uonevu katika ibara ya 15. Hapa si suala la kupokea ushauri tu. Kiburi chenyewe kimekuwa kosa, na anayeongozwa anaweza kulishtaki. Wafanyakazi waliielewa ibara hiyo haraka kuliko mameneja. Katika migomo ya 1971 hadi 1973 watu waliacha zana chini si kwa mishahara pekee, bali kwa matusi ya bosi na ubwana wake, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimfungia nje mwenye kiwanda wakaendelea kuzalisha wenyewe. Baadaye serikali iliwageukia wagomaji kwa ukali.

Kwa nini ibara iliyo kali kuliko zote ndiyo iliyodumu kidogo? Nadhani jibu limo katika kile ambacho mkubwa na mdogo wanashiriki. Rubani mkuu akikosea, anaanguka na msaidizi wake. Abati na mtawa wanaishi chini ya paa moja hadi mmoja azikwe. Meneja na mfanyakazi walishiriki geti la kiwanda tu, na jioni mmoja alilipita kwa gari, mwingine kwa miguu.