Programu za simu za tiba ya usemi na lahaja ya Kimvita

Programu za simu za tiba ya usemi humpa mtu mazoezi ya kutamka nyumbani, kati ya miadi moja na mtaalamu na nyingine. Kwa mwenye kigugumizi, zipo zinazomrudishia sauti yake masikioni ikiwa imechelewa kidogo. Baadhi husema kwa utulivu zaidi wakijisikia hivyo. Aliyepatwa na kiharusi huonyeshwa picha, akatakiwa aitaje. Google nayo ilianza kuijaribu Project Relate mwaka 2021, kwa Kiingereza, ili simu ijifunze sauti ya mtu ambaye usemi wake haueleweki kwa urahisi.

Tatizo letu huanza pale simu inapotakiwa kusahihisha matamshi. Programu iliyofunzwa Kiswahili sanifu pekee itamsikia mtoto wa Mvita akisema "mato", nayo inangojea "macho", basi itamwandikia kosa. Mtoto hana dosari. Hicho ni Kimvita cha nyanyake. Na vipi t ya meno na t ya ufizi, ambazo sisi twazitenganisha na Kiswahili sanifu hakizitenganishi? Mtengenezaji aje kwanza Mji wa Kale, arekodi wazee na watoto, wenye shida ya usemi na wasio nayo.