Choo cha bibi na kisima cha babu

Nilikuwa likizo nyumbani Wete, Pemba, na siku ya pili tu nikajikuta nimepiga magoti chooni kwa bibi. Msinicheke. Tenki la choo lilikuwa linalia usiku kucha, na fundi aliyeahidi kuja Jumatatu hakutokea.

"Mjukuu wangu, watoka Dar kuja kutia mikono chooni?" bibi akaniuliza.

Nikamjibu kwamba kazi ya mwandishi ni kuchimba.

Nilitia rangi kidogo ya chakula ndani ya tenki, nikangoja nusu saa bila mtu kuvuta maji. Rangi ikashuka kwenye sinki. Maana yake ule mpira unaoziba tundu la chini umechoka. Nikafunga koki, nikatoa maji, nikanunua mpira mpya dukani na kuupachika. Mkono wa boya nikaukunja kidogo ili maji yasimame mapema. Kelele zikaisha, na mimi nikatembea kifua mbele siku nzima.

Ila nilipokuwa nanawa nikajiuliza: hiki choo cha ndani kimefikaje kwetu? Wengi tutajibu haraka kwamba tumeletewa na Wazungu. Nenda basi Gedi, karibu na Malindi, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Nyumba za mawe za mji ule, ulioneemeka karne ya 14 na 15, zilikuwa na vyoo ndani. Songo Mnara, kule Kilwa, ni hivyo hivyo. Mwingereza John Harington alieleza choo chake cha kuvuta maji mwaka 1596, wakati wenye nyumba hizo wameshazikwa zamani. Tulicholetewa kweli ni tenki, na lile bomba lililopinda chini ya sinki, ambalo hubakisha maji yanayozuia harufu. Hilo alilisajili fundi saa Alexander Cumming, London, mwaka 1775.

Sasa msianze kupiga makofi. David Livingstone alipopita Unguja mwaka 1866 alilalamikia uvundo wa ufukweni, kwa kuwa uchafu wa mji ulikuwa unatupwa pale. Miaka mitatu baadaye, 1869, kikaingia kipindupindu kilichoendelea hadi 1870 na kuua watu wengi sana. Daktari James Christie, aliyekuwapo mjini, alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1876. John Snow alikuwa ameshaonyesha London mwaka 1854 kwamba ugonjwa huu hupita kwenye maji ya kunywa. Baadaye Sultani Barghash akavuta maji ya bomba kutoka Chemchem hadi mjini.

Kwa hiyo choo kuwa ndani ya nyumba hakutoshi. Swali ni kinachotoka mle kinakwenda wapi.

Hapo ndipo kifua changu kiliposhuka. Nilitoka uani nikahesabu hatua kutoka karo hadi kisimani. Kumi na moja! Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni mita 30, ingawa udongo na mteremko navyo vina mchango wake. Na kipindupindu si hadithi ya 1869 tu. Mwaka 2009 baadhi ya shehia za Unguja na Pemba zilipewa chanjo yake ya kunywa.

Nikamwambia bibi. Akanyamaza, kisha akasema, "Kisima hiki kachimba babu yako kwa mikono yake. Twanywa miaka yote."

Ungemjibu nini? Kumwambia mtu kwamba urithi wa mumewe unaweza kumuua si kazi ya mpira wa dukani. Tulizungumza hadi magharibi. Mwisho akakubali: maji ya kisima yawe ya kufulia na kumwagilia, ya kunywa yachemshwe, na sisi wajukuu tuchange karo jipya upande wa pili wa nyumba, mbali. Mpira niliununua kwa fedha za mfukoni. Karo linataka zaidi ya mshahara wangu, kwa hiyo binamu zangu mnaosoma hapa, simu zenu ziwe wazi.

Na wewe msomaji, ukienda kwenu sikukuu hii, kabla hujateka maji, hesabu hatua.