Askofu Mkuu Hinsley na Ujumbe Wake wa Mombasa

Waingereza wamkumbukapo Kardinali Arthur Hinsley, aghalabu humkumbuka kwa sauti yake ya redioni wakati wa vita vya pili vya dunia, na kwa ujasiri wake wa kuulaani utawala wa Hitler hadharani pale ambapo wakuu wengi wa dini katika Ulaya walikuwa bado wakipima maneno yao. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Walakini sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna sababu nyingine ya kumtaja, nayo ni kwamba kabla hajawa mkuu wa Wakatoliki wa Uingereza alikuwa mjumbe wa Papa katika bara letu, makao yake yakiwa Mombasa, na shauri alilowapa wamisionari mwaka 1928 liligeuza mwendo wa shule zetu kuliko hotuba za magavana wengi.

Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1865 katika kijiji cha Carlton, karibu na Selby, pande za Yorkshire, baba yake akiwa seremala Mwingereza na mama yake mwanamke wa asili ya Ireland. Alipofika umri wa miaka 11 alitiwa katika chuo cha Ushaw, kaskazini ya Uingereza, kisha akapelekwa Roma kutimiza elimu ya dini, akapewa daraja ya upadre mwezi wa Desemba 1893. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka 1900 alianzisha mjini Bradford shule ya wavulana iliyopewa jina la Mtakatifu Beda, lakini kabla ya mwaka 1904 kwisha ikhtilafu baina yake na askofu wake wa Leeds ilikuwa imekwisha kumwondoa, akahamia jimbo la Southwark, ambako alihudumu parokiani, bila ya makeke, hata mwaka 1917. Aliyemwona wakati huo, padre aliyepita miaka 50 na asiyepatana na mkubwa wake wa zamani, asingemtabiria uaskofu, sembuse ukardinali.

Mwaka huo wa 1917 aliitwa Roma kuwa mkuu wa Chuo cha Waingereza, nyumba ya kale inayowalea mapadre wa nchi yake, na katika miaka aliyokaa pale ardhi ya chuo ilitamaniwa na wakuu wa mji waliotaka kujenga soko mahali pake. Hinsley alishindana nao mpaka shauri lile likaachwa, na nadhani hapo ndipo alipoijua sanaa ya kusema na serikali bila ya kuinama na bila ya kutukana. Mwaka 1926 aliwekwa wakfu kuwa askofu, na kwa desturi ya Roma akapewa jina la mji wa kale usiokuwa na kundi, Sebastopolis ya Armenia. Baadaye, alipopandishwa kuwa askofu mkuu, akapewa Sardi, ambayo leo ni magofu katika nchi ya Waturuki. Ni desturi ya shani kwa asiyeizoea, mtu kuwa askofu wa mji usiokuwapo ili apate nafasi ya kutumwa kwenye miji iliyopo.

Ili kufahamu kwa nini Papa Pius XI alimtuma Afrika mwezi wa Desemba 1927, mzee wa miaka 62, hatuna budi kuitazama hali ya misheni za Kikatoliki za siku zile. Serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa, Nigeria na Pwani ya Dhahabu ilikuwa ya Waingereza, ilhali mapadre waliohubiri humo wengi wao hawakuwa Waingereza. Shirika la Roho Mtakatifu, lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, lilikuwa na asili ya Ufaransa. Mapadre Weupe wa Uganda na Tabora walitoka Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani na kwingineko. Wakonsolata wa Nyeri walikuwa Waitalia. Na Wabenediktini wa Tanganyika walikuwa Wajerumani, waliofukuzwa baada ya vita vya kwanza, baadhi ya mahali pao pakashikwa na Waswisi. Watu hawa walikuwa mabingwa wa lugha zetu, wakiziandikia kamusi na katekisimu, lakini Kiingereza cha ofisini kiliwapa taabu, na maofisa wa serikali nao waliwatazama kwa jicho la kando.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imegeuza nia. Mwaka 1925 London ilitangaza siasa mpya ya elimu kwa makoloni ya Afrika, ya kwamba shule za misheni zitapewa ruzuku, kwa sharti zitimize kiwango kilichowekwa na zikubali kukaguliwa. Na Tanganyika ikatoa sheria yake ya elimu mwaka 1927. Madhehebu ya Kiprotestanti, ambayo wengi wa viongozi wake walikuwa Waingereza na Waskoti, yaliufahamu upesi mwito huo. Wakatoliki wengi walisita. Shule yao ya kawaida ilikuwa banda la nyasi au makuti ambamo katekista alifundisha sala, kusoma na akali ya hesabu, na makusudi yake yalikuwa ubatizo. Mwalimu mwenye cheti, vitabu vya Kiingereza na mkaguzi kutoka bomani waliviona kuwa gharama juu ya hatari. Walichelea kwamba mwenye kutoa fedha ndiye atakayetoa amri, na khofu hiyo haikuwa ya kijinga.

Hinsley alikuja kwanza kama mkaguzi, kisha tangu Januari 1930 akawa mjumbe wa kitume wa kudumu kwa nchi za Afrika zilizokuwa chini ya Waingereza, bila ya Afrika ya Kusini, iliyokuwa na mjumbe wake. Yafaa kueleza kwamba mjumbe wa namna hiyo si balozi. Balozi wa Papa husimama mbele ya dola na hupokewa kwa hati na taadhima zote za kidola. Mjumbe wa kitume hutumwa kwa maaskofu na waumini tu, wala serikali hailazimiki kumjua. Kwa hiyo mbele ya magavana hakuwa na haki ya kudai lolote, na yote aliyoyapata aliyapata kwa kuwa alisema lugha yao, alikuwa raia mwenzao, na uaminifu wake kwa nchi yake haukuweza kutiliwa shaka kama ule wa padre Mjerumani au Mwitalia.

Shauri lake kubwa alilitoa katika mkutano wa wakuu wa misheni uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1928. Aliwataka washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote katika elimu, akaongeza neno lililowashitua wengi: ya kwamba mahali ambapo hawawezi kuhubiri na kufundisha vyote viwili pamoja, waache makanisa yao ili wazitengeneze shule zao. Neno hilo lingetoka kinywani mwa ofisa wa serikali, lingalikataliwa papo hapo. Likitoka kwa mjumbe wa Papa, lilikuwa karibu na amri. Shule za Kikatoliki zikaanza kuandikishwa, ruzuku zikapokewa, vyuo vya ualimu vikapata nguvu, na Kiingereza kikaingia darasani. Katika shule za namna hiyo ndimo alimofundisha Julius Nyerere, St. Mary's ya Tabora alipotoka Makerere, na Pugu alipotoka Edinburgh, mpaka mwaka 1955 alipojiuzulu kwa ajili ya siasa.

Mwandishi wa pwani hawezi kuishia hapo. Mjumbe huyu alikaa Mombasa, mji wa misikiti na vyuo vya Kurani, na huenda kila alfajiri alisikia adhana, lakini siasa aliyoisaidia ilipeleka fedha za serikali mahali palipokuwa na misheni, na aghalabu hapo palikuwa bara. Enzi ya Wajerumani, shule za serikali, zilizoanza Tanga mwaka 1892, ziliwatoa vijana wa pwani wakawa makarani na maakida. Enzi ya Waingereza, cheti na Kiingereza vilipokuwa ndiyo mlango wa kazi, mlango huo ulifunguka zaidi kwa mtoto wa misheni, na vyuo vya Kurani, vyenye elimu yao ya karne nyingi, havikuhesabiwa kuwa shule za kupewa ruzuku. Hinsley hakuitunga siasa hiyo, wala hakutumwa kuwasemea Waislamu. Hata hivyo alipoipa baraka aliitia nguvu ambayo serikali peke yake isingeweza kuipata, na hitilafu iliyotokea baina ya jamaa hizi mbili ilirithiwa na nchi zetu zilipopata uhuru. Kwa maoni yangu alifanya vema kwa watu wake, na hesabu ya wasiokuwa watu wake haikuwa mezani.

Mwaka 1934 maradhi ya homa ya matumbo yalimwondosha Afrika, akapewa nafasi ya mapumziko katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, ambako wengi walidhani angeumalizia umri wake. Badala yake, mwezi wa Aprili 1935, akiwa na miaka 69, aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Westminster. Haukupita mwaka Waitalia wakaivamia Ethiopia, na Hinsley, aliyetoka Afrika juzi tu, akaulaumu uvamizi ule; lakini alipotaka kumtetea Papa alimwita mzee dhaifu asiyekuwa na silaha, utetezi ambao Roma haikuufurahia. Ukardinali aliupata mwezi wa Desemba 1937. Hakuwa bila ya doa, kwa maana alimwona Franco wa Hispania kuwa ngao ya dini, na picha ya jenerali huyo aliiweka mezani kwake. Vita vilipokuja alianzisha, Agosti 1940, jumuiya aliyoiita Upanga wa Roho, na mwezi wa Mei 1941, mjini London, alisali Baba Yetu pamoja na maaskofu wa Kianglikana mbele ya watu, jambo ambalo Wakatoliki wengi wa wakati ule wasingalithubutu kulifanya. Alifariki tarehe 17 Machi 1943, akazikwa katika kanisa lake la Westminster.

Mombasa alifuatwa na Antonio Riberi, ambaye baadaye alikuwa mwakilishi wa Papa katika China na kufukuzwa huko mwaka 1951, kisha David Mathew, aliyemweka wakfu Laurean Rugambwa kuwa askofu mwaka 1952. Tarehe 25 Machi 1953 Roma ilizifanya misheni za Afrika ya Mashariki kuwa majimbo kamili yenye maaskofu wake. Ama zile shule ambazo Hinsley aliwasihi mapadre wazipokelee ruzuku, Pugu ikiwa mojawapo, katika Tanzania zilitwaliwa na serikali kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969.